Sauti ya Bi Kufuli

Fortunata Massawe alikataa kukaa mpaka jina la mtu aliyemshitaki lisomwe.

"Lisome, afande. Nataka kulisikia."

Inspekta Aristides Rweyongeza hakubishana naye. Alifungua jalada, akaweka kidole chini ya mstari, akasoma polepole kama anavyosoma kila kitu.

"Bryson Malekela, mkurugenzi wa kampuni ya kutengeneza picha. Anasema kuwa usiku wa Jumanne ghala la kampuni yake, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, lilivunjwa, zikaibiwa kanda nne za mchezo wa katuni uitwao Vyumba Sita. Anamshuku Fortunata Massawe, aliyewahi kufanya kazi ndogondogo katika kampuni hiyo."

"Kazi ndogondogo," Fortunata alirudia. Ndipo akakaa.

Ilikuwa Ijumaa, saa mbili na nusu asubuhi. Mwanamke huyu alikamatwa jana saa tisa alasiri, mbele ya meza yake ya mashuka Mtaa wa Kongo, wateja wakitazama. Sheria iliwapa polisi saa ishirini na nne. Ikifika saa tisa leo, ama apelekwe mahakamani, ama aachiwe. Mkuu wa kituo alikwisha kusema anaona hakuna sababu ya kumwachia, kwa kuwa alionekana akishuka kutoka ghalani na kikapu, na kitu cha ghalani kilikutwa kwake.

Kitu hicho kilikuwa mezani, ndani ya mfuko wa vielelezo. Lilikuwa shada la funguo kuukuu, zimefungwa kwa utambi.

"Hizi ni za nani?" Inspekta aliuliza.

"Zangu. Zilikuwa za mama yangu, Mungu amrehemu. Ziko kumi na moja na hakuna hata mmoja unaofungua kitu. Nilikuwa nazitikisa mkononi nikisema maneno ya Bi Kufuli. Bila hizo sauti haiji. Tulipofukuzwa studio zikabaki kule."

Koplo Sitara, aliyekuwa akiandika maelezo pembeni, aliinua kichwa. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na mwaka 2011 alikuwa kidato cha nne, akiiba muda wa kulala ili aangalie katuni iliyowekwa saa nne usiku kwa sababu haikuwa ya watoto. Ilikuwa habari ya nyumba moja ya Magomeni, wapangaji sita, choo kimoja, na mwenye nyumba, Bi Kufuli, aliyetembea na funguo kiunoni. Baada ya wiki saba ikatolewa. Wakubwa wa kituo cha televisheni walisema katuni ni ya watoto, na hii haina adabu.

"Mgeni siku mbili," Sitara alisema, taratibu, kabla hajajizuia.

"Ya tatu mpe notisi," Fortunata alijibu.

Haikuwa sauti yake. Ilikuwa sauti ya bibi mnene mwenye tambuu shavuni, aliyewahi kuona kila aina ya uongo wa mpangaji. Askari aliyekuwa akipita koridorini alichungulia mlangoni akitabasamu, akaona uso wa Inspekta, akaendelea na safari yake.

"Koplo, andika," alisema Inspekta.

"Ndiyo, afande."

"Umeona?" Fortunata alimgeukia Inspekta. "Askari wako ananijua. Vijana wanauza fulana zenye uso wa Bi Kufuli hatua kumi kutoka meza yangu, na maneno yangu yameandikwa kifuani. Simu za watu zinalia kwa sauti yangu. Sasa tafuta jina langu kwenye ile katuni. Hulipati. Mwisho waliandika 'Sauti: wasanii wa kampuni'. Tulikuwa wanne. Seifu aliyemwigiza mwalimu ameshakufa, na msibani kwake hakuna aliyejua kuwa yule mwalimu ndiye yeye. Haya. Jumanne nikasikia Bryson anairudisha, kuna watu wa nje wamesaini naye. Nikaenda kumwomba kitu kimoja. Aandike majina."

"Akasemaje?"

"Akacheka. Akasema amepata binti anayeniiga vizuri kuliko mimi mwenyewe. Kisha akanipa ufunguo wa ghala. 'Kachukue yale mafunguo yako, usije ukasema nimekudhulumu.' Mimi nikaenda, mjinga."

"Ufunguo wa ghala uliurudisha wapi?"

"Kwa Mzee Humoud wa viungo, pale chini. Ndivyo alivyoniagiza."

"Ulipokuwa ghalani uliziona kanda?"

Fortunata alifikiri. "Ningesema sikuziona ingenisaidia, eeh? Lakini sikutazama. Nilikuwa na hasira, nikachukua changu nikashuka."

Inspekta aliandika jibu hilo mwenyewe, kwenye kijitabu chake. Halafu akasimama.

"Nitarudi kabla ya saa tisa."

"Na usiporudi?"

"Nitarudi."

*

Jengo la Mtaa wa Sikukuu lilikuwa na orofa mbili. Chini palikuwa na duka la viungo la Mzee Humoud, na ghala la Bryson lilikuwa juu yake. Mzee alikuwa amekaa nyuma ya magunia ya iliki na pilipili manga, kanzu nyeupe, miwani imeshuka puani.

"Shikamoo, mzee," alisema Sitara.

"Marahaba, binti yangu. Mmekuja kwa ule wizi wa juu?" Hakusubiri jibu. "Miaka arobaini na miwili niko hapa. Sijaibiwa hata punje ya karafuu. Leo mtu anasimama barabarani anapaza sauti kwamba kwa Humoud kumevunjwa. Wateja wangu wanasikia. Hivi hiyo ni heshima?"

"Pole, mzee," alisema Inspekta. "Jumanne alikuja mwanamke kurudisha ufunguo?"

"Alikuja, adhuhuri. Yule wa mashuka. Amevimba kwa hasira, lakini alinisalimia vizuri." Mzee alivuta droo, akatoa ufunguo uliofungwa kitambaa chekundu. "Huu hapa. Mwenyewe hajaja kuuchukua mpaka leo."

Inspekta alitoa kwenye mkoba kufuli lililokatwa, kielelezo cha Jumatano. Akaingiza ufunguo, akazungusha. Ukazunguka bila kukwama.

"Mara ya mwisho kuliona kufuli hili likiwa zima ni lini?"

"Jumanne hiyo hiyo, jioni. Kila siku nikifunga duka napanda kuzima umeme wa juu. Kufuli lilikuwa zima. Asubuhi ya Jumatano, hata chai sijanywa, Bryson akanipita hapa bila salamu, akapanda. Nikasikia kelele."

"Hakukuuliza ufunguo?"

"Hakuuliza. Nikadhani anao mwingine."

Walipokuwa wakipanda ngazi, Sitara alisema, "Afande, aliyekuwa na ufunguo hahitaji kukata kufuli."

"Au alirudi usiku akakata, ili tuseme hivyo hivyo."

"Kwa hiyo unamshuku bado?"

"Simshuku wala simwachii. Tupande kwanza."

Ghala lilikuwa chumba kimoja kirefu. Kutani palining'inia magodoro yaliyochakaa, yale waliyozuilia kelele za mtaa walipokuwa wakirekodi. Kila kitu kilikuwa na rangi ya njano, magodoro, viti, waya, hata buibui. Sitara alipiga chafya mara tatu.

"Binzari," alisema Mzee Humoud, aliyewafuata akihema. "Sakafu hii ni ya mbao. Mashine ya kusaga ilikuwa chini yake pale."

Rafuni palikuwa na kava nne za plastiki za kanda ndogo za kamera, zote wazi. Kwa maelezo ya Bryson, mwizi alizifungua, akachukua kanda, akaacha kava. Polisi wa Jumatano walizipiga picha na kuziacha mahali pake. Inspekta alivaa glovu. Aliinamia kava ya kwanza kwa muda mrefu, kisha ya pili, kisha ya tatu, mpaka Mzee Humoud akamtazama Sitara kama anayeuliza iwapo bosi wake ni mzima.

"Koplo, njoo. Hapa ndipo kanda hulala. Unaona nini?"

"Njano."

"Iko wapi?"

"Kote. Pembe kwa pembe." Alisogea karibu. "Imeganda. Haipeperuki."

Inspekta alipitisha ncha ya kalamu. Vumbi liliachia kama utando wa uji uliokauka sufuriani.

"Tuseme kanda zilitolewa Jumanne usiku," alisema. "Leo Ijumaa. Mzee, kwa siku tatu binzari inaweza kuganda hivi?"

"Siku tatu gani?" Mzee Humoud alikasirika upya. "Mashine ya kusaga niliihamishia Buguruni mwaka 2018, baada ya Ramadhani, maana majirani walilalamika. Tangu hapo hapa nauza ya vifuko, imefungwa. Hiyo ni binzari ya zamani hiyo. Hainuki tena."

Chini mtu aliulizia bei ya mdalasini.

"Mwaka 2018," Inspekta alirudia. "Una uhakika?"

"Nina kibali cha manispaa cha mashine, kina tarehe. Nitakuonyesha."

"Basi kava hizi zilikuwa wazi na tupu kabla ya hapo," alisema Sitara. "Hapakuwa na cha kuibwa." Alimgeukia Inspekta. "Afande, yule mama amelala chini kwenye saruji kwa kanda ambazo hazipo."

"Kwa kanda ambazo hazikuwemo humu. Tusiruke hatua."

Alikwangua vumbi kidogo kutoka kila kava, akatia kwenye vibahasha vinne, Mzee Humoud akatia saini kama shahidi. Ndipo Inspekta akachomoa kadi zilizokuwa chini ya plastiki za kava. Ya mwisho iliandikwa kwa kalamu nene: Vyumba Sita, 7 na 8. Akaigeuza. Nyuma palikuwa na maandishi madogo ya penseli.

*Kuingia maharusi. Ndafu. Wazazi kucheza. Eli, Sept. 2012. Kanda mama, si nakala, apewe mzee.*

Sitara alisoma mara mbili. "Ndafu. Hii ni harusi ya Wachaga."

"Eli," alisema Mzee Humoud, akivua miwani na kuivaa tena. "Elibariki wa masufuria, Mtaa wa Mchikichi. Nilialikwa. Walileta mbuzi mzima wa kuchomwa, amesimama, majani mdomoni, wakaanza kulishana. Sisi walitupikia pilau letu pembeni, kwa ustaarabu kabisa. Aliyekuwa na kamera ni Hafidhi. Wakati ule alikuwa fundi wa huyu huyu Bryson. Siku hizi anapiga paspoti Magomeni."

Adhana ilianza msikiti wa jirani. Mzee alichukua kofia yake. Sitara akachukua kwake namba ya Hafidhi, akampigia, naye akajibu kuwa yuko njiani kwenda kuswali, atafika Mchikichi saa saba na nusu.

"Mwambie aje na kamera yake ya zamani," alisema Inspekta. "Ile ya kanda."

Mtaa ulipokuwa ukipungua watu, alisimama kivulini mwa jengo akampigia Bryson Malekela.

"Bwana Malekela, kuna jambo moja sikuliona kwenye maelezo yako. Kanda uliziona lini mara ya mwisho?"

"Jumatatu," Bryson alijibu papo hapo. "Kwa macho yangu. Nilizishika, nikazipangusa."

"Zote nne?"

"Zote nne."

"Zikiwa ndani ya kava zake?"

"Zingekuwa wapi? Afande, huyo mwanamke mnampeleka mahakamani au hampeleki? Nina watu wanasubiri."

"Njoo kituoni saa nane na nusu utie saini hayo uliyoniambia, ili jalada likamilike."

"Nitakuja saa nane kamili."

*

Duka la Elibariki lilijaa sufuria mpaka dari, zimepangwa moja ndani ya nyingine kama kofia. Mkewe, Rachel, ambaye wateja walimwita Mama Allan, alikuwa ndiye anayeendesha mauzo. Alisikiliza maelezo ya Inspekta mikono ikiwa kifuani, kisha akamgeukia Hafidhi, mtu mwembamba mwenye mvi kidevuni, aliyesimama mlangoni na mkoba wa kamera.

"Kwa hiyo mimi nilivaa shela siku nzima, nikakaza tumbo, ukanipiga picha kwenye kanda ya mtumba?"

"Shemeji, wakati ule kanda zilikuwa adimu."

"Usiniite shemeji. Nguo ya ndani ya mtumba sivai, sembuse harusi."

"Mama Allan," alisema Elibariki.

"Niache, Baba Allan. Nina haki ya kuchukia."

"Unayo," alisema Inspekta. "Hafidhi, nani alikupa kanda hizo?"

Hafidhi alitazama sakafu. "Bwana Bryson. Alizimwaga nne mezani, akabandua lebo kwa ukucha wake. Ilikuwa msimu wa harusi. Kompyuta yenye kazi yote ilikuwa imekufa kwenye yale mafuriko ya Jangwani, ofisi ya uhariri ilikuwa kule bondeni. Nikamwambia, bosi, hizi ndizo zimebaki, nakala nyingine hakuna. Akasema, Hafidhi, nani ataikumbuka katuni?"

Hafidhi akaendelea.

"Mimi ndiye niliyerekodi sauti zao. Yule dada alikuwa anakuja na homa, anasema maneno yote mara moja, hakosei. Kisha nikafuta kwa mkono wangu. Kava nikazirudisha rafuni tupu, maana nilishindwa kuzitupa."

"Zile tatu nyingine?"

"Zilijaa harusi mpaka mwisho. Nilizijaza zaidi ya mara moja. Hazina kitu."

Elibariki alikuwa ameingia nyuma ya duka. Alirudi na bahasha ya kaki. "Baba alikataa kupewa nakala," alisema. "Alisema nakala hufa, mama hubaki. Akaiweka kabatini kwake. Alipofariki nikaichukua. Mashine ya kuichezea sina, miaka kumi sijaiona."

Inspekta aliandika hati ya makabidhiano kabla hajaigusa. Elibariki akasaini, Rachel akasaini kwa kukandamiza kalamu. Hafidhi akaunganisha kamera na televisheni ya dukani, akairudisha kanda mwanzo.

Maharusi waliingia. Rachel alijitazama, mikono ikamshuka polepole. Ndafu aliletwa. Mzee mrefu mwenye koti la kijivu alicheza mbele ya mbuzi huyo, fimbo juu, akicheka na mtu asiyeonekana.

"Baba," alisema Elibariki.

Wazazi wa pande zote wakacheza. Halafu picha ikawa nyeusi, zikabaki sauti za sahani na mtu akiita soda. Hafidhi alinyoosha kidole kuzima.

"Acha," alisema Inspekta.

"Imeisha, afande. Hapa nilifunika kioo cha kamera, nikasahau kuizima."

"Kanda inazunguka bado?"

"Inazunguka."

"Basi haijaisha."

Walingoja. Sauti za sahani ziliendelea dakika moja, ya pili ikaanza. Mteja aliulizia bei ya sufuria, Rachel akamnyamazisha kwa kiganja. Kisha kukawa na mkwaruzo, mistari ikakatiza kioo, na koridori ikatokea. Koridori ya nyumba ya Kiswahili, ya kuchorwa, milango mitatu huku na mitatu huku, mwanga wa uani mwisho wake. Mwanamke mnene alikuja akiburuta kiti, funguo zikilia kiunoni.

Sitara aliweka mkono mdomoni.

Bi Kufuli alikuwa amepewa notisi. Wanawe walikuwa wameuza nyumba, inabomolewa kujengwa ghorofa. Wapangaji, waliokuwa wakimwombea mabaya sehemu zote za nyuma, walisimama milangoni bila kujua waseme nini. Mwalimu wa chumba cha tatu alijaribu hotuba, akakwama. Bi Kufuli akapita mlango kwa mlango akifungua makufuli yake, la jiko, la kisima, la stoo, na mwisho lile la choo. Alilishika mkononi.

"Nendeni," alisema. "Leo bila foleni."

Makuli wawili waliokuwa wamesimama nje na mizigo kichwani walicheka, halafu mmoja akaacha kucheka. Watu kumi au kumi na watano walikuwa wamekusanyika mlangoni. Mtu alisema, "Hii si ile ya zamani?" na mwingine akasema, "Nyamaza, sikiliza."

"Hii sijawahi kuiona," alisema Sitara. "Zilirushwa saba tu. Hii ni ya nane. Hakuna mtu aliyewahi kuiona."

Zilikuwa dakika kumi na tisa. Mwisho maandishi yalipanda. Mchoraji, mhariri, mkurugenzi Bryson Malekela, jina lake kwa herufi kubwa. Kisha mstari mmoja: Sauti, wasanii wa kampuni.

Inspekta alitazama saa. Ilikuwa saa nane na robo.

"Koplo, ifunge kanda. Hafidhi, unakuja na sisi, na hiyo kamera."

*

Bryson Malekela alikwisha kufika. Alikuwa mtu nadhifu, shati limepigwa pasi, simu mbili mezani. Alisoma maelezo yake ya nyongeza, kwamba Jumatatu aliziona kanda nne, alizishika, alizipangusa, akatia saini bila kuketi vizuri.

Inspekta aliichukua karatasi, akaiweka kando. Mahali pake akapanga vibahasha vinne vya njano, nakala ya kibali cha mashine cha mwaka 2018, ufunguo wenye kitambaa chekundu, kadi iliyoandikwa kwa penseli, na mwisho kanda. Akaeleza kila kimoja, kwa mpangilio, bila kupandisha sauti.

Bryson alitazama kanda tu.

"Hiyo ni mali ya kampuni," alisema. "Naomba nikabidhiwe."

"Ipi? Hii uliyoishika ghalani Jumatatu?"

Bryson aliondoa macho kwenye kanda.

"Hii imetoka kwa Elibariki, ilitunzwa na marehemu baba yake. Imekaa kwao miaka kumi na mitatu. Hafidhi yuko chumba cha pili, anaandikisha alipewa na nani."

Bryson alizigeuza simu zake zikalala kifudifudi. "Ningefanya nini, afande? Nimesaini kwamba kanda mama ninazo. Wanazitaka wiki ijayo. Niwaambie nimezirekodia harusi? Watu wangenicheka nchi nzima."

"Ungechekwa."

"Ni rahisi kusema."

"Mama mwenye meza ya mashuka amelala mahabusu ili wewe usichekwe," alisema Sitara. Hakuwa ameruhusiwa kusema, na Inspekta hakumkatiza. "Ulimpa ufunguo mwenyewe. Ulimtuma aonekane akishuka na kikapu. Kisha ukakata kufuli lako."

"Kwani alikuwa nani?" Bryson alisema. "Ni sauti tu. Sauti inapatikana."

Inspekta alifunga kijitabu chake. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alikifunga kwa nguvu.

"Bwana Malekela, nakukamata kwa kosa la kutoa taarifa ya uongo kwa polisi. Utapewa onyo lako, na utaandika maelezo upya. Koplo atakuonyesha pa kukaa. Ni pale pale panapoachwa wazi sasa hivi."

Saa tisa kasoro dakika kumi Fortunata aliletwa kwenye kile chumba cha asubuhi. Nywele zilikuwa zimefungwa upya kwa kipande cha khanga. Inspekta alimweleza yote. Hakulia wala hakumshukuru mtu. Alisikiliza habari ya harusi kwa makini, na Inspekta alipofika kwenye maneno ya Bryson kwa Hafidhi, kuhusu nani ataikumbuka katuni, Fortunata alimwomba arudie.

"Kwa hiyo ninakwenda?"

"Unakwenda. Lakini nina ombi. Kanda hii ni ushahidi, na lazima itambuliwe na mtu aliyekuwepo. Sasa wewe ni shahidi, si mtuhumiwa. Unaweza kukataa."

"Washa."

Hafidhi aliwasha kamera. Hakuthubutu kumtazama usoni. Kwenye kioo kidogo cha pembeni, Bi Kufuli alikuja akiburuta kiti. Fortunata aliinama kusikiliza, na vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vikijikunja na kujikunjua juu ya meza, vitupu. Inspekta aliona. Akafungua mfuko wa vielelezo, akatoa shada la funguo, akalisogeza mbele yake. Fortunata alizihesabu mmoja mmoja mpaka kumi na moja, akazishika, akasikiliza mpaka kufuli la choo likafunguliwa.

"Unaitambua sauti hiyo?"

"Naitambua. Ni yangu. Na huyo mwalimu ni Seifu. Seifu Mkwama. Liandike na lake."

Inspekta aliandika kwa mkono, herufi zake pana zisizoungana, hakufuta popote. Alipomaliza aligeuza karatasi ili asaini. Fortunata hakushika kalamu.

"Hii karatasi inaenda wapi?"

"Mahakamani."

"Huko wanaisoma?"

"Wanaisoma."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti, mbele ya watu."

Alifikiri. "Basi anza wewe. Hapo kwenye jina."

Inspekta Aristides aliigeuza karatasi tena upande wake. Akaweka kidole chini ya mstari, akasoma polepole.

"Mimi, Fortunata Massawe, mfanyabiashara wa Mtaa wa Kongo, nathibitisha kwamba sauti ya Bi Kufuli katika mchezo wa Vyumba Sita, sehemu zote nane, ni sauti yangu."

"Tena," alisema Fortunata.

Akasoma tena.